Trekta Bila Spea: Uliza Kabla ya Kulipa

Mkulima wa Kwale au Kilifi akinunua trekta huuliza bei, nguvu za injini na masharti ya mkopo. Swali linalosahauliwa na wengi ni hili: likiharibika, spea itatoka wapi, na baada ya siku ngapi?

Kwetu swali hilo ni zito kwa sababu ya majira. Mvua za mwaka huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na muda wa kulima kabla ya kupanda ni mfupi. Pampu ya haidroliki ikifa, plau hainyanyuki. Trekta likilala wiki tatu kwa kungojea sili moja ya mafuta, wateja waliotaka kulimiwa huenda kwa mwengine, mbegu huchelewa ardhini, na benki yataka pesa zake vilevile. Sili ya bei ndogo imekula msimu mzima.

Kwa nini spea hukawia? Spea iliyo kwenye rafu ni pesa iliyolala, kwa hivyo muuzaji huweka zitokazo haraka: filta, mikanda, oili. Nyingine huagizwa mteja akishalipa. Mara nyingi mzigo huo hushushwa Kilindini, ukapelekwa bohari Nairobi, kisha ukarudishwa Mombasa kwa basi! Na kama matrekta ya aina hiyo yaliyouzwa ni machache, hakuna anayejisumbua kuweka spea zake.

Basi kabla ya kulipa, nenda kwenye kaunta ya spea, si ya mauzo. Uliza bei ya klachi na pampu ya haidroliki, na kama zipo siku hiyo. Waulize wenye trekta kama hilo walingojea muda gani. Dai mkataba useme fundi atafika shambani kwa siku ngapi, na nani atalipa nauli yake. Weka risiti za kila sevisi. Muuzaji asipate kisingizio cha kuikataa waranti.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na waweza kujisimamia bila wakili. Lakini utaulizwa ushahidi, na ahadi ya mdomo dukani ni ngumu kuithibitisha. Wazee hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.