Misitu ya Usambara: Kwa Nini Mgeni Anatakiwa Kuacha Kila Kitu Mahali Pake

Na Mwandishi Wetu

Barabara inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ina urefu wa takriban kilomita 33 tu, lakini msafiri anayeipita hutoka katika nyika yenye joto na kuingia katika nchi ya ukungu, miti mirefu na mashamba ya mboga yaliyolimwa hadi kwenye miteremko mikali. Mandhari hiyo huwavuta Watanzania na wageni kutoka nje kwenda Irente, maporomoko ya Soni na Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba. Makala haya yanaeleza kwa nini misitu ya Usambara inamtaka mgeni awe mwangalifu, na taratibu anazopaswa kuzifuata.

Kila mlima ni kama kisiwa

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Tangu zama za kale misitu ya milima hiyo imekuwa ikipata unyevu unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, hata katika vipindi ambavyo nyanda zinazoizunguka zilikauka. Kwa kuwa nyika ilitenganisha mlima mmoja na mwingine, viumbe wa kila mlima walibadilika kwa namna yao.

Kinyonga ni mfano ulio wazi. Usambara Magharibi, iliko Lushoto, na Usambara Mashariki, iliko Amani, zimetenganishwa na bonde la mto Lwengera tu. Hata hivyo, wataalamu wamebaini kuwa kinyonga wa pembe mbili anayeishi upande mmoja ni spishi tofauti na yule wa upande wa pili. Wote wamo katika jenasi inayoitwa Kinyongia, jina lililotokana na Kiswahili. Wapo pia ndege wadogo wanaoishi katika misitu ya Usambara Magharibi pekee. Ua la Saintpaulia, linalopandwa katika vyungu vya madirishani sehemu nyingi za dunia, lilifahamika Ulaya baada ya mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kulipeleka huko kutoka Tanga mwaka 1892. Porini, maua hayo huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na aina zake kadhaa zimebaki katika maeneo machache sana.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa misitu hii. Mnyama anayepatikana katika nyika pana akipungua sehemu moja, huweza kubaki sehemu nyingine. Kiumbe ambaye makazi yake yote ni msitu mmoja hana mahali pengine pa kukimbilia.

Jambo dogo lenye madhara makubwa

Usiku, kinyonga aliyelala hupauka rangi na huonekana kwa urahisi akimulikwa kwa tochi. Kwa sababu hiyo matembezi ya usiku yamekuwa kivutio. Mgeni anapotaka kinyonga avunjiwe tawi, ashikwe ili apigwe picha, au akusanywe pamoja na wengine ili waonekane kwa wingi, anamtoa mnyama huyo mahali alipochagua kujificha na kumwacha wazi kwa maadui zake. Kumchukua kabisa ni kosa kubwa zaidi. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na biashara ya vinyonga hao inadhibitiwa pia kwa mkataba wa kimataifa.

Njia za kutembelea zina sababu yake pia. Katika miteremko ya Usambara, njia ya mkato hugeuka kuwa mfereji mvua inaponyesha. Udongo wa juu husombwa, miche ya miti hufa, na tope huingia mitoni. Mto Umba na vijito vinavyoelekea mto Mkomazi huanzia Usambara Magharibi, na jiji la Tanga hupata maji yake kutoka mto Zigi unaotiririka kutoka Usambara Mashariki. Msitu ukiharibika mlimani, anayetaabika ni mkulima wa bondeni na mama anayefungua bomba mjini.

Taratibu kwa mgeni

Hifadhi za mazingira asilia, ikiwamo Magamba na ile ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza nchini, husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mgeni anatakiwa kuzingatia yafuatayo:

- Kupata kibali na kulipa ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kabla ya kuingia, na kudai stakabadhi.
- Kufuatana na mwongozaji anayetambuliwa, na kubaki kwenye njia zilizowekwa.
- Kutong’oa mmea, kutochuma ua na kutoshika wala kubeba kiumbe chochote.
- Kutowasha moto nje ya maeneo yaliyoruhusiwa na kutotupa vipisi vya sigara.
- Kurudi na taka zake zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na marufuku hiyo inawahusu pia wageni.
- Kuomba ruhusa kabla ya kupita katika shamba la mtu au kumpiga picha, na kununua vyakula na huduma kwa wenyeji.

Wajibu wa wote

Mwananchi anayeishi kando ya hifadhi amekatazwa kukata mti humo, hata kama ana shida ya kuni au mbao. Akimwona mgeni anang’oa mmea na kuondoka nao bila kuulizwa, ataona kuwa sheria ni mzigo wake peke yake. Akiona mgeni analipa ada, anamwajiri kijana wa kijijini kuwa mwongozaji na kuacha msitu kama alivyoukuta, atakuwa na sababu ya kuulinda.

Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili za nchi. Kwa anayekwenda Usambara, wajibu huo huanza pale anapoona kitu kizuri na kukiacha mahali pake, ili naye atakayekuja kesho akikute.