Dhana Potofu Kuhusu Ufeministi (Sehemu ya Pili): Je, Ni Vita Dhidi ya Wanaume na Mila?

Ufeministi, kama ulivyofafanuliwa katika sehemu ya kwanza, ni fikra na harakati zinazodai kwamba mtu asinyimwe haki, mali wala kauli kwa sababu tu ni mwanamke. Miongoni mwa dhana potofu zinazouandama ni kwamba unawafundisha wanawake kuwachukia wanaume, na kwamba unakusudia kuzibomoa mila na koo. Dhana zote mbili zinatokana na kosa moja, yaani kuwachanganya watu na utaratibu unaowapangia nafasi zao; utaratibu huo, unaompa mwanamume mamlaka juu ya mali na maamuzi hata pale ambapo yeye mwenyewe hakuyaomba, ndio unaoitwa mfumodume, na ndio unaopingwa.

Tofauti hiyo inadhihirika katika shauri moja la ardhi lililoanzia wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyerithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia, aliona kwamba umri umekwenda na hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Jamaa mmoja wa ukoo alikwenda Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo hayo yabatilishwe, akitegemea kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini zikamkataza kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia, Mahakama ya Wilaya ikamkatalia, naye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Katika hukumu ya mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya alieleza kwamba katazo hilo linapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, pamoja na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, hivyo mauzo yakawa halali. Hata hivyo, hakuufuta ukoo wala haki yake ya kukomboa ardhi, yaani haki ya jamaa kuirejesha kwa kumlipa mnunuzi fedha alizotoa. Mrufani alipewa miezi 6 ya kufanya hivyo kwa shilingi zilezile 300,000, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ambayo ukoo ungeifuata iwapo muuzaji angekuwa mwanamume.

Si kila mfeministi angeridhika na hukumu hiyo. Wafuasi wa mkondo wa kiliberali, wanaotafuta usawa kwa kurekebisha sheria, wangeiona kuwa ushindi, ilhali wale wa mkondo wa Kimarx, wanaouona ubaguzi wa wanawake kuwa umeshikamana na umiliki wa mali, wangeuliza ni wanawake wangapi walio na shamba la kuuza hapo kwanza. Mikondo yote miwili, hata hivyo, ingekubali kwamba jamaa yule hakupokonywa haki yoyote aliyokuwa nayo kama mwanaukoo. Alichopoteza ni uwezo wa kumzuia mwenzake kutenda lile ambalo yeye mwenyewe hakukatazwa.

Sehemu ijayo itachambua dai kwamba ufeministi unaipinga ndoa, kwa kuitazama Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971.

Itaendelea.