MWIMBAJI NAYE AULIZWE

Yako mazoea ya kupima uzima wa sauti ya mwimbaji kwa vigelegele vya wasikilizaji wake. Sisi hatuyakubali. Msikilizaji husikia sauti iliyokwisha toka. Taabu ya kuitoa aijua mwimbaji peke yake.

Mwaka 2007 wataalamu wa sauti wa Marekani walitangaza orodha ya kauli 36, ambayo mwimbaji huijaza mwenyewe. Kila kauli huitia alama, tangu 0 hata 4. Jumla ikikaribia 144, hali yake ni mbaya. Humo huulizwa hata juu ya aibu na hofu ya kukosa fedha, na ni haki, maana koo ndilo shamba lake.

Lakini karatasi haichungulii kooni. Wako wenye vijinundu katika nyuzi za sauti wasemao, "Ni mafua tu," wakichelea kukosa ujira wa taarabu ya Jumamosi. Na wako waliozoea kukwaruza hata wakadhani ndiyo sauti yao. Basi twawataka viongozi wa vikundi wampumzishe mwimbaji alalamikaye, wala wasimkate ujira. Na sauti ikikauka kupita wiki nne, apelekwe kwa daktari wa koo.