Mboga Zisizomtegemea Nyuki

Uchavushaji, yaani kuhamishwa kwa chavua kutoka sehemu ya kiume ya ua hadi ya kike, ni sharti kwa maboga, lakini mchicha, sukuma wiki na karoti huvunwa kwa ajili ya majani au mizizi kabla hazijachanua, na kwa hiyo hufaa sana mahali ambako nyuki ni wachache. Ukizipanda mboga hizi katika tuta la kuinuliwa, yaani udongo uliozungushiwa mbao au mawe, upana wake usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati bila mguu kuushindilia udongo. Karoti ndiyo hunufaika zaidi na udongo laini usio na mawe, kwani mzizi wake ukigonga jiwe hugawanyika. Hata nyanya, ambazo huvunwa kwa ajili ya matunda, hazimtegemei nyuki, kwani hujichavusha zenyewe, ingawa kulitikisa shada la maua kwa kidole huongeza matunda.