Hasara Haina Msimuliaji

Kaa jioni na wachimbaji wadogo katika kata ya Nyahanga, mjini Kahama, na hutakosa kusimuliwa habari za mtu aliyekwenda kwa mganga akiwa hana hata nauli ya kurudia, kisha duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, likatema dhahabu. Za wale waliompelekea mganga huyohuyo mbuzi na fedha wakaambulia kifusi, hutazisikia. Aliyepata husimulia; aliyekosa huona aibu akanyamaza, au huhamia machimbo mengine.

Ukimya huo hufanya kazi kubwa akilini. Mwaka 1973 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha kwamba binadamu hukadiria uwezekano wa jambo kwa wepesi ambao mifano yake humjia kichwani. Mchimbaji anayekumbuka watu watano waliofanikiwa, na asiyemkumbuka hata mmoja aliyeshindwa, si mjinga. Anapiga hesabu kwa daftari lililochanwa kurasa.

Kisa chenyewe nacho hulegeza ulinzi wa akili. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock waligundua kwamba kadiri msomaji anavyozama katika kisa, ndivyo imani yake inavyoegemea upande wa kisa hicho, na ndivyo anavyoona kasoro chache ndani yake. Kuambiwa kwamba kisa ni cha kubuni hakukupunguza nguvu hiyo.

Ukanda wetu umelilipia jambo hili kwa damu. Uvumi kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri wa dhahabu na samaki ulichochea wimbi la mauaji katika Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Hatua hizo zilikuwa za lazima, lakini sheria humkamata mtu tu. Kisa hubaki mtaani mpaka kije kingine cha kukiondoa.

Kwamba hilo linawezekana, tumeliona hapa nchini. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njia nzima, aliishia kuugua UKIMWI. Mkewe Tunu, aliyekuwa mnyonge, alijifunza taratibu kujitegemea. Hadi 1995 mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti wapate pa kulinganisha. Uzazi wa mpango uliongezeka zaidi kule uliposikika, na Dodoma nayo ikabadilika baada ya kuanza kuusikia. Naamini Tunu aliwagusa wengi kwa sababu alianzia palepale walipokuwa wao, na hakufika alikofika kwa siku moja.

Ndiyo maana kwangu mtu wa thamani kubwa Nyahanga leo ni mchimbaji aliyeuza ng'ombe wake kumlipa mganga, akakosa, na yuko tayari kukaa na wenzake jioni akaeleza yaliyomkuta. Tumsikilize bila kumcheka. Tukimcheka huyo mmoja, wenzake wote watanyamaza, na masikioni mwa vijana litabaki lile duara moja lililotema.