Motokari ya Waya

Ndugu musomaji, unakumbuka motokari yako ya kwanza? Sisemi ile ya kununua. Nasema ile ya waya. Katika makambi ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mu miaka ya 1980, tulikunja waya kwa mikono na hata kwa meno. Mukebe ya sardini ilikuwa sanduku la kamyo, magurudumu tulikata mu sandali iliyochakaa. Usukani ulikuwa waya murefu: ukiugeuza huku juu, magurudumu ya mbele yanageuka kule chini! Mukubwa alitengeneza, mudogo alitazama. Wengine kati ya wale wadogo leo ni mafundi wa motokari za kweli, na mimi sishangai.

Michezo ya hatari ilikuwapo pia. Tulisukuma jante ya kinga mbio mbio mu barabara ya makamyo, na magoti yetu yangali na alama. Lakini mama alijua tuko wapi, na kila jirani alikuwa na ruhusa ya kutukaripia.

Shimo ni mambo mengine. Kule Kasulo, Kolwezi, kuanzia 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Mutoto anayeruka juu ya shimo la kreseri hachezi tena: udongo haushikwi na kitu, mvua ikinyesha unaporomoka. Maji ya kariere ya zamani yanaonekana matulivu, kumbe ukingo unakatika gafula, hakuna pa kusimama.

Baba, jioni hii uliza mutoto wako anacheza wapi. Na kama waya iko nyumbani, muonyeshe namna ya kutengeneza usukani.