Ufunguo mzima, swichi imekufa

GARI langu lilizimika nikiteremka kutoka Benaco kuelekea daraja la Rusumo, ndani yake magunia manne ya mchele wa Kahama. Ni Corolla ya mwaka 1994. Nilikuwa nimeliweka fri ili kubana petroli, tabia mbaya ambayo wengi wetu tunaovuka mpaka tunayo. Taa za dashibodi zikatoweka, usukani ukawa mzito, na breki nilipoikanyaga mara ya tatu ikawa ngumu kama jiwe.

Kijana wangu akanyoosha mkono achomoe ufunguo. Nikampiga kofi la mkono. Ukichomoa, usukani unajifunga, na barabara ile ina malori. Nikaingiza gia ya pili, nikavuta breki ya mkono taratibu, tukasimama pembeni.

Dalili nilizipata wiki nzima. Redio ilikatika kila nilipopita kwenye shimo, na asubuhi gari halikuwaka mpaka nitikise ufunguo. Nikalaumu betri.

Tulivutwa hadi Benaco. Fundi wa kwanza alitaka nibadilishe kila kitu, kitasa na funguo. Wa pili alitaka kukata waya aniwekee kitufe cha kubonyeza. Waya za kuunga namna hiyo huweza kushika moto, tena mwizi naye unamrahisishia kazi. Nilikataa.

Muuza spea mmoja mzee ndiye aliyeniokoa. "Mwanangu, kitasa chako hakina ubaya. Kilichochoka ni kile cha plastiki cha nyuma, chenye shaba."

Tukatoa waya wa hasi wa betri kwanza. Tukafungua mfuniko wa chini ya usukani, tukachomoa soketi, kisha skrubu mbili ndogo zinazoishika swichi. Hapo bisibisi ndefu haiingii, tafuta fupi. Shaba zilikuwa zimeungua, nyeusi. Kabla ya kulipa, weka ya zamani na mpya sambamba uhesabu pini. Nyingine zinafanana kwa nje tu.

Baada ya kufunga, hakikisha ufunguo unarudi wenyewe ukishawasha. Usiporudi, stata inaendelea kuzunguka hadi iungue.

Kazi ilichukua nusu saa. Mchele nilivusha kesho yake, na mteja wangu wa Kirehe alikuwa ameshanunua kwa mwingine.